Mwaka wa Maandalizi na Njia ya Udaktari



Ukimwuliza mtoto wa shule anataka kuwa nani, mara nyingi atajibu, "Nataka kuwa daktari." Sisi wazazi tunafurahi na kupiga makofi. Lakini wazazi wengi hawajui njia ya udaktari ina milango mingapi, wala mlango upi hufungwa mapema. Leo tutaieleza njia hiyo. Tutaeleza pia habari za mwaka wa maandalizi, ambao wengine huuita mwaka wa msingi.

DAKTARI NI NANI?

Kijijini tumezoea kumwita "daktari" kila mtu anayevaa koti jeupe. Si vibaya, ni heshima. Lakini kazi hizi zina ngazi.

Katika zahanati nyingi utamkuta muuguzi na tabibu. Tabibu amesoma miaka mitatu chuoni na kupata stashahada. Daktari amesoma chuo kikuu miaka mitano. Baada ya hapo hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi, ndipo aruhusiwe kutibu mwenyewe.

Mwalimu Nyerere alieleza kwamba tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari 12 tu waliosomea kazi hiyo. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam. Mwaka 1968 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu. Tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kamili, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo madaktari wanafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Kwa hiyo vyuo vimeongezeka. Swali lililobaki ni hili: nani anaingia humo?

WATOTO WAWILI

Tuchukue mfano wa watoto wawili. Mmoja anasoma shule ya mjini yenye maabara na walimu wa kutosha. Wa pili anasoma shule ya kata huku kwetu, tuseme kati ya Mlingotini na Kiwangwa. Akili zao ni sawa.

Yule wa mjini ameshika kwa mikono yake vifaa vya Kemia. Huyu wa kwetu amevisoma ubaoni tu. Mwalimu wa Fizikia akihama, huenda somo likakaa bila mwalimu muda mrefu. Asubuhi anatembea mbali kwenda shule, na jioni anasaidia kuanika mwani au kupalilia mananasi.

Tena kuna jambo la lugha. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Anaujua moyo, anaujua mshipa, anaijua damu, lakini majina yake mapya hayajui. Watu wakimwona amenyamaza darasani wanasema, "Huyu hana kichwa." Jamani! Kichwa anacho. Kilichokosekana ni maandalizi.

Mtihani ukifika, watoto hawa wawili wanapewa karatasi moja. Yule wa mjini anapata alama za kuingilia udaktari. Huyu wa kwetu anapungukiwa kidogo. Mlango unafungwa.

KITALU

Mkulima wa mikorosho anajua kazi ya kitalu. Mche mchanga haupelekwi shambani moja kwa moja kushindana na jua na magugu. Kwanza unawekwa kitaluni, unamwagiliwa na kutiwa kivuli. Ukipata nguvu unahamishiwa shambani. Huko shambani hauna tena kivuli. Jua ni lile lile linalochoma miche yote.

Mwaka wa maandalizi ni kitalu cha wanafunzi. Kijana aliyepungukiwa alama kidogo, lakini ameonyesha uwezo, anapewa mwaka mmoja zaidi wa kusoma. Anasomeshwa upya mambo ya msingi ya Kemia, Biolojia na Fizikia. Anazoezwa lugha ya masomo. Anafundishwa kutumia maabara na kusoma kitabu kinene peke yake. Akifaulu, anaendelea na wenzake.

Wapo wanaouliza, "Je, huu si upendeleo? Nani anataka kutibiwa na daktari aliyebebwa?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni rahisi. Kinachorekebishwa ni mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea haubadilishwi. Mtihani wa mwisho wa udaktari ni ule ule kwa wote. Asiyefaulu hapewi ruhusa ya kumgusa mgonjwa, awe alipitia mwaka wa maandalizi au hakupitia.

WENZETU WALIFANYAJE?

Nchini Uingereza chuo cha King's College London kilianza mpango wa namna hii mwaka 2001. Kilichukua vijana kutoka shule za serikali ambazo matokeo yake yalikuwa ya chini. Udaktari wa miaka mitano wakawasomesha kwa miaka sita. Mzigo wa mwanzo uligawanywa ili wapate nafasi ya kuushika vizuri. Wengi wao walifuzu. Chuo kikuu cha Southampton nacho kilianza mwaka wa maandalizi mwaka 2002.

Basi hata nchi tajiri zimeona kwamba alama za mtihani hupima akili ya mtoto pamoja na shule aliyosoma.

HAPA KWETU

Kwa desturi mlango mkuu hapa Tanzania ni kidato cha sita. Kijana husoma Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha akifaulu vizuri huomba chuo kikuu. Lakini zipo njia nyingine mbili za kuzijua.

Njia ya kwanza ni mafunzo ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina vituo mikoani. Mafunzo yake ya msingi ni kwa watu waliokaribia sifa za chuo kikuu lakini hawakuzifikia. Hayamfai aliyeishia kidato cha nne bila cheti kingine. Tena angalia sana: kufaulu mafunzo haya kunafungua milango ya kozi mbalimbali, lakini udaktari una masharti yake mwenyewe. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kiulize chuo cha udaktari unachokitaka kama kinakipokea cheti hicho.

Njia ya pili ni kupitia utabibu. Njia hii inawafaa wengi huku vijijini, lakini haisemwi sana. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, anaweza kuomba kusomea utabibu miaka mitatu. Hapa mkoani Pwani kipo chuo cha afya Kibaha, katika Shirika la Elimu Kibaha. Akimaliza anaweza kuajiriwa. Na akiwa na alama nzuri anaweza kuomba udaktari chuo kikuu.

Hebu tupige hesabu. Kwa njia ya kidato cha sita, kijana anasoma miaka 2, chuo kikuu miaka 5, na mwaka 1 wa uangalizi. Jumla ni miaka 8 baada ya kidato cha nne. Kwa njia ya utabibu ni miaka 3, kisha 5, kisha 1. Jumla ni miaka 9. Tofauti ni mwaka mmoja tu! Ni kama vile huo ndio mwaka wake wa maandalizi, na anaupitia akiwa wodini, karibu na wagonjwa. Akikosa ada ya kuendelea, mkononi tayari ana kazi.

MLANGO UNAOFUNGWA MAPEMA

Hapa ndipo wazazi wengi tunapoponyoka. Katika miongozo ya miaka ya karibuni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, tabibu anayeomba udaktari anatakiwa awe na wastani wa B au GPA ya 3.0 katika stashahada yake. GPA ni hesabu ya wastani wa alama zote za chuoni. Zaidi ya hayo, anatakiwa awe amepata angalau D kidato cha nne katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Soma tena orodha hiyo. Hisabati imo. Kijana anaweza kuingia utabibu bila kufaulu Hisabati, akasoma kwa bidii, akawa tabibu hodari. Miaka inapita, anaomba udaktari, anaambiwa, "Huna Hisabati." Vilevile mtoto anayeacha Fizikia akiingia kidato cha tatu kwa sababu ni ngumu, amejifungia mlango akiwa bado mdogo. Na pengine hakuna aliyemwambia.

Aliyekwisha kosa somo asikate tamaa. Anaweza kurudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ile ile inayosimamia masomo yetu, inawasaidia pia wanaosoma sekondari nje ya mfumo wa kawaida.

KIJIJI KINAPATA NINI?

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu uhaba wa watumishi wa afya vijijini. Ushauri wake mmoja ni kuchukua wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa sababu hao huelekea zaidi kurudi kufanya kazi huko. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mpango uitwao Umthombo umefanya hivyo. Ulianzia mwaka 1999 katika hospitali ya kijijini ya Mosvold. Vijana wa hapo walisomeshwa, wakafuatiliwa kwa karibu wakiwa chuoni, kisha wakarudi kuzitumikia hospitali za kwao.

Sisi wa Bagamoyo tuna sababu yetu ya pekee. Kuanzia mwaka 2009 watoto wa hapa walishiriki katika utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Watoto wetu walitoa mkono wakachomwa sindano ili dunia ijifunze. Ni haki baadhi yao wafike mahali pa kuishika sindano hiyo wenyewe.

MZAZI AFANYE NINI?

1. Mtoto akiwa kidato cha pili, kaa naye. Usimwache aache Fizikia, Kemia wala Hisabati bila kuzungumza na mwalimu.

2. Nyumbani mpe muda wa kusoma kabla ya kazi za jioni. Msichana na mvulana wapate sawa.

3. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa. Vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, vyuo vikuu husimamiwa na TCU. Mwongozo wa TCU hutolewa kila mwaka, na masharti hubadilika. Mwombe mwalimu akusomee wa mwaka huu.

4. Uliza habari za mkopo. Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa chuo kikuu. Tangu mwaka 2023 imekopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa afya.

5. Katika mkutano wa kijiji, ulizeni: shule yetu ina mwalimu wa Fizikia? Maabara ina vifaa? Mwaka wa maandalizi unamsaidia aliyepungukiwa kidogo. Aliyenyimwa somo zima miaka minne, mwaka mmoja haumtoshi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya tabibu na daktari?
2. Kwa nini mwaka wa maandalizi umefananishwa na kitalu?
3. Ni masomo gani matano ya kidato cha nne anayohitaji tabibu anayeomba udaktari?
4. Katika kijiji chako, wako vijana wangapi waliokosa somo moja tu? Nani atakwenda kuwaambia kwamba wanaweza kulirudia?