Pembe za Ng'ombe Zina Kazi

Ng'ombe akichinjwa, nyama tunakula, ngozi tunauza. Pembe je? Nyingi zinatupwa jalalani. Lakini mafundi wa Kibera, mjini Nairobi, hawazitupi. Wanazigeuza bangili, hereni, vijiko na bakuli. Mifupa nayo inakuwa shanga. Hata kufuli na koki mbovu wanaziyeyusha wapate shaba ya mapambo. Wageni wananunua, na vingine vinasafirishwa hadi Ulaya.

Tunasema pembe za ng'ombe, jamani, siyo za ndovu! Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989. Ukikutwa nazo, ni kesi.

Kabla ya kushika msumeno, jiulize: ng'ombe huyu alikufaje? Katika kijiji kimoja tulimkuta kijana na gunia la pembe alizookota porini. Tulipomwuliza zimetoka wapi, hakujua. Hapo ndipo penye hatari. Ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo likavimba na damu isiyoganda ikamtoka puani au mkunduni, huenda amekufa kwa kimeta. Ugonjwa huo unampata mtu pia. Anatoka kidonda chenye gamba jeusi, na akivuta vumbi lenye vijidudu vyake anaweza kufa. Vijidudu hivyo hukaa udongoni miaka mingi, na kuchemsha kidogo jikoni si kinga ya kutegemea. Mzoga wa namna hiyo usiupasue, usiuchune. Mwite bwana mifugo. Pembe za kazi zichukue machinjioni, kwa ng'ombe aliyepimwa.

Sasa kazi yenyewe. Pembe ni kama ukucha wako, na ndani yake mna mfupa. Chemsha mpaka mfupa ulegee, uuchomoe. Kata pembe kwa msumeno, kisha ichemshe tena. Ikilainika, ibane katikati ya mbao mbili na uiache ipoe hivyo hivyo. Itatoka bapa. Wengine wanaipasha motoni, lakini ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, umeshaiharibu.

Mfupa haulainiki hivyo. Uchemshe kwa maji ya sabuni utoe mafuta, la sivyo shanga zitanuka na kugeuka manjano. Ile michoro myeusi na myeupe mnayoiona kwenye shanga za Kenya inafanywa kwa nta. Fundi anachora kwa nta ya moto, anachovya mfupa katika rangi, halafu anaondoa nta. Palipofunikwa na nta panabaki peupe.

Kusugua kwa msasa ndiko kunakochosha. Anza na msasa mkali, malizia na laini, na kitu kiwe kimelowa maji ili vumbi lisiruke. Funga kitambaa puani na mdomoni, fanya kazi nje, watoto wakae mbali. Mwisho ng'arisha kwa kitambaa kikavu.

Ncha ya pembe haina uwazi ndani. Hiyo iweke kando: inatoa vifungo vya koti na mipini ya visu.