Tumwondolee Mzazi Kizingiti

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Tunamjua mama mmoja, mtu mzima, mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa. Alipatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalegea. Alipotoka hospitali, binti zake na wake za wanawe walisimama naye kama inavyopasa: wakamlisha, wakamwogesha, wakamtia udhu, wakambeba ngazini kila ilipohitajika. Mtaa mzima uliwasifu, nasi tulikuwa miongoni mwa waliowasifu. Tulipokwenda kumzuru tulimliwaza kwamba asihuzunike, kwani ana udhuru, na dini ni nyepesi.

Baada ya miezi michache binti zake waligundua kwamba mama amepunguza sana kunywa maji. Si kwamba hakuwa na kiu. Aliogopa kuwaamsha usiku wampeleke chooni.

Jambo hilo ndilo lililowafanya wamwite mtaalamu wa tiba ya shughuli za kila siku. Tiba hii wengi wetu hatuijui. Daktari huushughulikia ugonjwa, na mtaalamu wa mazoezi hukitia nguvu kiungo. Huyu hutazama yale mtu ayafanyayo tangu alfajiri hadi isha: kuamka, kujisafisha, kuvaa, kupika, kusali, kuwazuru jamaa. Hupima mambo matatu kwa pamoja: mtu mwenyewe, shughuli anayoitaka, na mahali anapoifanyia. Kiungo kisiporudi kama zamani, mahali ndipo hubadilishwa. Hapa Kenya mafunzo na usajili wa wataalamu hawa vimewekewa sheria tangu mwaka 2014, na hospitali zetu kubwa za umma ndipo pa kuwaulizia.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti kijana. Hakuanza na mkono uliolegea. Alikaa karibu na kitanda akauliza, "Mamangu, ni jambo gani ungependa ulifanye mwenyewe?"

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nataka nijitilie udhu. Na nataka nichambue mchele."

Katika miezi yote ile, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata sisi tuliokwenda kumwombea dua hatukumuuliza.

Nyumba za mababu zetu zilijengwa kwa hekima: baraza ya kupokea wageni, daka la kivuli, kuta nene za kuzuia joto. Lakini zina pia kizingiti kirefu mlangoni, ngazi zilizosimama wima zenye vidato visivyolingana, na choo cha kuchuchumaa. Mwenye afya huvuka bila kufikiri. Aliyelegea upande mmoja hufungiwa ndani, na hakuna aliyetia kufuli.

Yaliyofanywa hayakuhitaji mali nyingi. Kitanda kilihamishiwa chumba cha chini, karibu na choo. Juu ya choo kiliwekwa kiti cha mbao chenye tundu, na ukutani kikatiwa kishikio upande wa mkono wenye nguvu. Mikeka midogo iliyoteleza iliondolewa njiani, na taa ndogo ikaachwa ikiwaka usiku. Kwa ajili ya udhu alipata kiti imara cha kimo cha goti, na mfereji unaofunguka kwa kusukumwa, si kwa kuzungushwa. Ungo uliwekwa mezani juu ya kitambaa kilicholowa maji ili usiteleze, naye akachambua mchele kwa mkono mmoja.

Mlangoni palitengenezwa mteremko wa mbao wa kuweka na kuondoa, bila kuugusa mlango wa nakshi. Kipimo chake wasomaji wakihifadhi: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 basi hutaka mteremko wa sentimita 180. Ukiwa wima zaidi, anayekisukuma kiti cha magurudumu huhatarisha nafsi yake na mgonjwa wake. Na penye ngazi, vishikio viwe pande zote mbili, kwa kuwa mkono wa kulia wakati wa kupanda huangukia upande wa pili wakati wa kushuka.

Migongo ya binti zake nayo ilipumzika. Na hilo si dogo, maana mzigo wa kubeba wagonjwa katika nyumba zetu huwaangukia wanawake.

Tulikumbuka Hadithi ya Sahaba Itban bin Malik (R.A.), iliyopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, na mvua iliponyesha maji ya bondeni yalimzuia kuufikia msikiti wa watu wake. Alimweleza Mtume (S.A.W.) shida yake. Mtume alikwenda hadi nyumbani kwake pamoja na Abu Bakar (R.A.), na kabla ya kuketi alimuuliza Itban angependa asalie sehemu gani ya nyumba. Itban akaonyesha pembe moja, wakasali hapo. Alimwendea, akamuuliza, na mahali pakachaguliwa na mwenye udhuru mwenyewe.

Hapa hatuna budi kujilaumu. Sisi tunaosimama kwenye mimbari tumekuwa wepesi wa kuwaambia wazee wetu, "Wewe una udhuru, salia nyumbani." Neno hilo ni la kweli, na ruhusa hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa mgonjwa. Lakini haikuwa ruhusa kwa kamati ya msikiti kuacha vidato bila kishikio na mahali pa udhu pakiwa na utelezi. Sehemu ya akina mama mara nyingi huwa ghorofani. Basi anayeumwa na magoti hukosa tarawehe mwaka baada ya mwaka, nasi twasema ameshindwa na uzee. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma. Haifai nyumba ya Mwenyezi Mungu iwe nyuma katika jambo hili. Na mteremko huo huo utamfaa mjamzito, mwenye mtoto mgongoni, na sisi wenyewe kesho.

Ndugu zetu, na hasa akina mama, leo jioni muulizeni mzee aliye nyumbani mwenu jambo gani angependa alifanye mwenyewe. Kisha tazameni ni kitu gani cha nyumba kinachomzuia.

Mama yule sasa hunywa maji yake bila hofu. Binti yake anatuambia kwamba siku hizi, kabla ya adhana ya alfajiri, huamshwa na sauti ya mfereji.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wema kwa wazazi wetu. Amin.