USAILI WA KAZI CHUONI: NAMNA MWANAFUNZI ANAVYOWEZA KUSHIRIKI

Kila mwaka vijana wa Unguja na Pemba humaliza masomo ya shahada na kuanza kutafuta kazi. Wengi wao huanza safari hiyo baada ya kuvua joho la mahafali, wakiwa na bahasha ya vyeti mkononi, wakipita ofisi moja baada ya nyengine. Wachache wanafahamu kwamba ipo njia inayoanzia ndani ya chuo chenyewe, kabla ya mtihani wa mwisho. Njia hiyo ni usaili wa kazi unaofanyika chuoni.

Wapo pia wanaoisikia habari hiyo siku ya mwisho. Mwanafunzi hufika asubuhi akiwa nadhifu, amebeba vyeti vyake vyote, na kuambiwa mlangoni kwamba jina lake halimo katika orodha. Si kwamba ameonewa. Orodha ilifungwa wiki kadhaa nyuma, na tangazo lilikuwapo ubaoni. Kwa hivyo jambo la kwanza la kufahamika ni hili: siku ya usaili ni mwisho wa kazi ndefu iliyokwisha kufanywa, si mwanzo wake.

MAANA YA USAILI WA CHUONI

Katika utaratibu wa kawaida, mwombaji humfuata mwajiri. Katika usaili wa chuoni, mwajiri ndiye anayekuja. Chuo humpa ukumbi au vyumba, humtangazia nafasi zake, hupokea maombi ya wanafunzi na kupanga saa ya kila mmoja. Mwajiri hunufaika kwa kuwaona vijana wengi wa fani moja kwa siku moja. Mwanafunzi hunufaika kwa kusailiwa bila ya kujua mtu ndani ya kampuni. Mtoto wa mvuvi wa Micheweni na mtoto wa mkurugenzi wa mjini hukaa katika kiti kimoja na kuulizwa maswali ya aina moja.

Utaratibu huu umeshika mizizi sana nchini Marekani. Vyuo vikuu vya huko vina ofisi maalumu ya kazi hiyo, na waajiri wengi hufika kati ya Septemba na Novemba kuwasaili wanafunzi watakaohitimu mwezi wa Mei unaofuata. Nchini India, Taasisi za Teknolojia za nchi hiyo huanza msimu wa usaili wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho mwanzoni mwa Disemba. Habari hiyo ya India haiko mbali na Visiwa hivi, kwani Taasisi ya Teknolojia ya Madras, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilifungua tawi lake hapa Zanzibar mwaka 2023.

Katika nchi zote hizo jambo moja linafanana. Mwajiri huja miezi mingi kabla ya mahafali. Anayengoja cheti ndipo aanze kutafuta, huwa amekwisha kuachwa na wenzake.

HATUA ZA KUSHIRIKI

Taratibu hutofautiana baina ya chuo na chuo. Pengine ofisi inayohusika ni ya mlezi wa wanafunzi, pengine ni ile inayosimamia mafunzo kwa vitendo, na pengine ni skuli au idara yenyewe. Hata hivyo, hatua zenyewe kwa kawaida ni hizi zifuatazo:

(a) Kujiandikisha. Mwanafunzi aingiapo mwaka wa mwisho anatakiwa aulize katika wiki za mwanzo ni ofisi gani inayopokea waajiri, na aandikishe jina lake, fani yake, namba ya simu na anuani ya barua pepe. Simu iliyobadilishwa namba bila ya ofisi kuarifiwa imewakosesha nafasi watu wengi.

(b) Kutayarisha wasifu. Wasifu wa mwanafunzi haupaswi kuzidi kurasa mbili. Uoneshe elimu, mafunzo kwa vitendo aliyoyafanya, kazi za kujitolea, lugha anazozimudu na ujuzi wa kompyuta. Kila jambo liwe na mwaka wake. Yasiandikwe mambo ambayo mwenyewe hawezi kuyaeleza akiulizwa, kwani msaili huanzia hapo hapo.

(c) Kuomba ridhaa ya wadhamini. Wadhamini ni watu wanaoweza kueleza tabia na utendaji wa mwombaji, kama vile mhadhiri au msimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Si adabu kuandika jina la mtu bila ya kumuomba kwanza.

(d) Kuweka nyaraka tayari. Miongoni mwake ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cha Taifa, vyeti vya sekondari na nakala ya matokeo ya chuo. Ikiwa jina katika cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la cheti cha skuli, marekebisho yashughulikiwe mapema. Jambo hilo halimaliziki kwa siku moja.

(e) Kusoma tangazo lote. Mwajiri hutaja fani anayoitaka, kiwango cha ufaulu, kituo cha kazi na siku ya mwisho ya maombi. Anayeomba asichostahiki huwa amemaliza nguvu zake bure.

(f) Kuhudhuria maelezo ya mwajiri. Waajiri wengi hutoa maelezo kwa wanafunzi wote kabla ya usaili. Hapo ndipo panapofahamika kazi yenyewe ni ipi, na ndipo mwanafunzi anapopata swali la maana la kuuliza atakapokaa mbele ya wasaili.

(g) Kufanya jaribio. Baadhi ya waajiri hutoa jaribio la maandishi au la kompyuta ili kupunguza idadi. Waliofaulu ndio wanaopangiwa saa ya usaili.

SIKU YA USAILI

Usaili wa chuoni ni mfupi. Mara nyingi hauzidi nusu saa. Dakika za mwanzo ni za kujuana, zinazofuata ni za maswali ya mwajiri, na za mwisho ni za maswali ya mwombaji. Mwanafunzi afike mapema, angalau robo saa kabla ya wakati wake. Anayetoka Pemba kwa boti kwa ajili ya usaili wa asubuhi Unguja asisafiri siku ile ile, kwani bahari haina ahadi na mtu.

Mavazi yawe safi na ya heshima. Shati lililopigwa pasi na suruali, au buibui na mtandio nadhifu, vyote vinafaa. Kinachotazamwa ni unadhifu na wala si bei.

Siku hizi wasaili hawatosheki na maneno kama “mimi ni mchapakazi”. Hutaka tukio. Watasema: eleza siku uliyokutana na tatizo kazini na ulivyolitatua. Jibu jema lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, wajibu wa mwombaji, hatua alizozichukua na matokeo yake. Kwa mfano, mwanafunzi wa uhasibu aliyefanya mafunzo katika ghala anaweza kueleza kwamba daftari la vifaa halikulingana na vilivyokuwamo rafuni. Kwamba yeye alipewa kazi ya kuhesabu. Kwamba alilinganisha hati za kutolea vifaa moja moja. Na kwamba alizigundua hati zilizotolewa bila ya kuingizwa daftarini, akamuarifu msimamizi wake. Maelezo hayo huchukua dakika mbili tu, lakini yanamwonesha mtu na kazi yake.

Usaili mwengine hufanyika kwa njia ya video, hasa baada ya maradhi ya Uviko-19 kuingia mwaka 2020. Katika hali hiyo mwanafunzi atafute pahala pa utulivu, ahakikishe chombo kina chaji na kifurushi cha intaneti kinatosha, na akijaribu siku moja kabla.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Usaili hauna malipo. Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani umeweka kanuni kwamba mawakala wa ajira wasimtoze mtafuta kazi ada yoyote, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Anayedai fedha za fomu, za sare au za “kulipia nafasi” aripotiwe kwa uongozi wa chuo mara moja. Pesa zikishatumwa kwa simu kwa mtu asiyejulikana, kuzirudisha ni shida.

Aidha, mwombaji hapimwi kwa jinsia, dini wala itikadi yake ya kisiasa. Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba Namba 111 wa mwaka 1958 unaopinga ubaguzi katika ajira na kazi. Mwanafunzi akiulizwa mambo ya namna hiyo anaweza kujibu kwa upole kwamba angependa kuzungumzia uwezo wake wa kazi, na baadaye aiarifu ofisi ya chuo.

AHADI NI DENI

Mwajiri akiridhika hutoa barua. Barua hiyo isomwe yote kabla ya kutiwa saini: cheo, kituo cha kazi, mshahara, muda wa majaribio, muda wa mkataba na tarehe ya kuripoti. Mara nyingi huwa na sharti kwamba mwanafunzi amalize na kufaulu masomo yake. Si vibaya kuomba siku chache za kufikiri, bali ni vibaya kunyamaza.

Aliyekubali nafasi moja awaarifu waajiri wengine kwamba hasubiri tena. Katika vyuo vingi vya India aliyekubali nafasi hutolewa katika orodha ili wenzake wapate. Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Mwanafunzi anayekubali kisha akatoroka, au anayejipangia saa na asitokee, hadhuriki peke yake. Mwajiri hukumbuka jina la chuo kabla ya jina la mtu, na mwaka unaofuata huenda asije. Watakaolipa deni hilo ni wadogo zake waliopo mwaka wa kwanza, ambao hata hawamjui.

AJIRA ZA SERIKALI

Ieleweke kwamba usaili wa chuoni ni njia ya makampuni, mabenki, mahoteli na taasisi nyenginezo. Utumishi wa umma Zanzibar unaongozwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2011, na maombi ya kazi serikalini hupitia Tume ya Utumishi Serikalini. Kwa upande wa Tanzania Bara, chombo kinachohusika ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hivyo mtu yeyote anayeahidi cheo cha Serikali katika ukumbi wa chuo, maneno yake yasishikwe.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WAZAZI

Watumishi wa umma wanaopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanayo sehemu yao. Mwanafunzi aliyekaa wiki nane akipeleka chai na kutoa fotokopi hatakuwa na tukio la kumsimulia msaili. Apewe kazi ya kweli, asimamiwe, na barua yake ya tathmini iandikwe kwa wakati na kwa ukweli. Mtumishi aliyekubali kuwa mdhamini apokee simu ya mwajiri, kwani simu isiyopokelewa imewahi kumkosesha mtu kazi.

Wazazi nao wanaombwa wawaache vijana wasimame wenyewe. Kimemo kinachopelekwa kwa mwajiri huivunja ile haki iliyoufanya usaili wa chuoni uwe na thamani, na humfanya hata kijana anayestahiki aonekane hakustahiki. Msaada wa mzazi ulio bora ni nauli, pasi ya nguo na kumkumbusha mwanawe tarehe.

Wanafunzi wanaoingia mwaka wa mwisho wanashauriwa wasingoje tangazo la kwanza. Waende katika ofisi ya chuo chao sasa, waulize orodha inafunguliwa lini na inafungwa lini, na waandikishe majina yao.