Maziwa ya Ngamia na Mboga za Samadi: Siku Mbili kwa Wafugaji na Wakulima Wadogo wa Isiolo

Linapozungumzwa suala la chakula katika nyumba zetu, neno la kwanza huwa ni halali. Twauliza ni nani aliyechinja, na kwa jina la nani. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameambatanisha sifa mbili, halali na tayyib, yaani kilichoruhusiwa na kilicho kizuri. Hili la pili ndilo tulipitalo mbio. Nyanya tuinunuayo sokoni haituambii imepuliziwa dawa gani, wala imekaa siku ngapi baada ya kupuliziwa. Maziwa ya kupimiwa hayana kinywa cha kueleza yametoka kwa nani. Kwa ajili hiyo tulifunga safari, akina mama wanane na maharimu wetu wawili, kwenda kuwaona kwa macho watu wanaozalisha chakula kidogo kidogo kwa njia za asili.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Isiolo, ilhali Kwale na Kilifi zina mashamba. Jibu ni kwamba huko ufugaji wa asili haukuanzishwa na semina wala haukuletwa na mtindo wa kisasa. Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu wamefuga katika nyika ile bila chakula cha viwandani kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine iliyo bora. Tena yale maziwa ya ngamia yanayosifiwa siku hizi hata katika maduka ya mijini, sehemu kubwa yake hupitia Isiolo.

Njia kutoka Nairobi hupanda hadi Nanyuki na Timau, penye baridi na ngano, kisha huteremka ghafla. Mlima Kenya unabaki nyuma, miti inakuwa mifupi na ya miiba, na joto linamkumbusha mtu wa pwani kwao, ila halina chumvi ya bahari.

Tulianza na ngamia. Alfajiri, baada ya swala, tulifikishwa kwenye boma la mzee mmoja nje ya mji. Ngamia hakamuliwi kama ng'ombe wa kizimbani. Mtoto wake huletwa kwanza anyonye ili mama ateremshe maziwa, na mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya goti. Ngamia ana chuchu nne, na desturi ni kumwachia mtoto sehemu yake. Asipobaki na chochote atadhoofika, na mama naye hatatoa tena. Baada ya hapo kundi hutoka kwenda malishoni, likila majani ya migunga na vichaka ambavyo mbuzi hawavifikii. Ladha ya maziwa hubadilika kufuata kilicholiwa. Yale tuliyoonja yalikuwa na uchumvi wa mbali.

Hapa tulifurahi kukumbushana jambo la fiqhi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, zaka ya wanyama humwangukia yule anayejilisha malishoni, si anayelishwa bandani kwa gharama ya mwenyewe. Nisabu ya ngamia ni watano, na zaka yake ni mbuzi au kondoo mmoja. Tofauti ambayo wanunuzi wa leo huitafuta kwenye maandishi ya pakiti, wanazuoni wetu waliijua zamani, ingawa wao waliitaja kwa sababu ya haki ya maskini.

Tahadhari moja kwa watakaokwenda: msimuulize mfugaji ana ngamia wangapi. Ni sawa na kumuuliza mwenyeji wako ana kiasi gani benki.

Maziwa yakishatoka bomani huwa mikononi mwa wanawake. Isiolo inajulikana kwa ushirika wa Anolei wa akina mama, walio wengi wao Wasomali, ambao hukusanya maziwa ya ngamia kutoka nyikani na kuyasafirisha kwa basi hadi Nairobi, hasa Eastleigh. Biashara hii ina jua kali ndani yake. Maziwa husafiri mbali kabla hayajakutana na baridi, na gari likiharibika njiani, mtaji wa mama umechachuka. Ndiyo maana usafi wa chombo ni kila kitu. Vyombo hufukizwa kwa moshi wa vijiti vya miti maalumu, kama mabibi zetu walivyokuwa wakiifukiza mitungi ya maji kwa ubani. Moshi huo huzuia maziwa yasiharibike upesi na huyapa harufu ambayo mnunuzi wa Eastleigh asipoiskia hushuku.

Twaambiwa katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuificha kasoro. Mkusanyaji wa maziwa hufanya kazi hiyo hiyo kila asubuhi. Hunusa, huonja, na hutumbukiza kijiti cha kioo kinachoelea, kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Mama mmoja alitueleza kwamba aliyepatikana mara moja akichanganya huchukua muda mrefu kuaminiwa tena, hata awe ni jamaa.

Na hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wenyeji wetu hawakulipenda sana. Wengi wao huyanywa maziwa haya mabichi, wakiamini kwamba moto huyaondolea nguvu. Sisi hatukubaliani. Ugonjwa wa brusela huambukizwa kwa maziwa mabichi ya ngamia, ng'ombe na mbuzi. Huleta homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, na kwa mja mzito huweza kuharibu mimba. Mnyama aweza kuwa nao bila dalili yoyote, na moshi wa chombo hauuondoi. Basi kuleni vya asili, lakini maziwa yachemsheni, hasa yakiwa ni ya watoto na wazazi.

Siku ya pili tuliitumia kwenye mashamba ya Burat, kando ya Mto Isiolo unaoshuka kutoka Mlima Kenya. Ni vishamba vidogo vya sukuma, mchicha, kunde, vitunguu, mipapai na migomba michache. Utajiri wao ni samadi ya mbuzi, ambayo nyika ile inayo kwa wingi. Hawaitii mbichi, maana huunguza miche na kuleta magugu. Huilundika, huifunika kwa majani, huinyunyizia maji na kuingoja iive hadi ipoteze harufu. Wadudu wanapigwa kwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa, mara nyingine pamoja na pilipili na majivu. Si wote wafanyao hivyo. Jirani wa mbele tu alikuwa na pampu ya dawa mgongoni, na alitwambia bila haya kwamba kiwavi wa nyanya hangojei mwarobaini. Tuliuthamini ukweli wake.

Shida yao kubwa ni maji. Mto huo huo wanaushiriki na walioko juu, na wakati wa kiangazi unaofika Burat ni mchirizi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo, uliua mifugo mingi kaskazini mwa Kenya, na baadhi ya waliopoteza wanyama ndio hawa tuliowakuta na jembe. Jambo hili si geni. Baada ya vita vya shifta vya 1963 hadi 1967, Waborana wengi walibaki bila mifugo, na miradi ya umwagiliaji kama Malka Daka na Garfarsa, upande wa Garbatulla, ikawa kimbilio la waliofilisika. Kwa mfugaji, shamba mara nyingi limekuwa ni mahali pa kungojea ng'ombe warudi.

Uislamu umeihesabu taabu hiyo ya maji. Nafaka iliyostawi kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na iliyomwagiliwa kwa jasho hutolewa nusu ya hiyo. Mboga na mapapai, kwa madhehebu yetu, hazina zaka.

Je, mnunuzi atajuaje? Tangu 2007 nchi za Afrika Mashariki zina alama ya Kilimohai kwa mazao yaliyothibitishwa, na vikundi vya wakulima wadogo huweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe ili kupunguza gharama. Katika vishamba tulivyoingia hatukuiona alama hiyo. Hapo ushahidi ni kufika na kuuliza.

Anayetaka kwenda na aende baada ya mvua, maziwa yanapokuwa mengi. Afike mapema, kabla kundi halijatoka, na avae viatu vya kufunika kwa sababu ya miiba. Asipige picha bila idhini. Na akinunua maziwa ya kuondoka nayo, aje na chombo chake, kwa kuwa mitungi ya akina mama wale hurudi mitupu na basi la usiku, na kesho yake alfajiri yahitajika tena bomani.