Kurudi Shule Mikono Ikiwa Imejaa

Katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, huko Palma na Mocímboa da Praia, kazi za mama hazihesabiwi kwa saa za ofisi. Huhesabiwa kwa jua, kwa mvua na kwa maji ya bahari. Alfajiri mama huteka maji na kuwasha moto. Kukipambazuka yumo shambani akipalilia muhogo. Maji yakipwa huteremka pwani kuokota kombe na kuchokoa pweza, na jioni hukaanga samaki wa kuuza. Juu ya hayo kuna watoto, wagonjwa, arusi na misiba ya jamaa.

Tumfikirie basi mama wa namna hiyo, mwenye umri wa miaka 35, aliyeachia masomo darasa la saba. Moyoni anatamani siku moja aache biashara ya samaki, asomee ualimu au uuguzi. Lakini kila akitazama siku yake haoni mahali pa kulitia daftari. Majirani humkumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, naye hunyamaza.

Tamaa yake si jambo geni nchini mwake. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya 90 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1978 kampeni ya taifa ya kufuta ujinga ilianzishwa, na watu wazima wakaketi darasani baada ya kazi za mchana. Hesabu ya watu ya mwaka 1980 ilionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi kiasi cha 72 katika kila 100.

Miaka ya karibuni imeipa tamaa hiyo uzito mpya. Baada ya gesi kugunduliwa baharini mwaka 2010, familia za rasi ya Afungi zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, na wavuvi wakajikuta mbali na pwani waliyoizoea. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, vikafika mjini Palma mwezi Machi 2021, viliwakimbiza maelfu ya watu. Mashua, nyavu na mashamba viliachwa nyuma. Ujuzi uliokuwa kichwani ulikwenda na mwenyewe.

Hata hivyo, kutamani peke yake hakutoshi. Mwenye nia hana budi kuanza na mambo madogo. La kwanza ni hati. Wengi waliokimbia walipoteza vitambulisho na vyeti, na kuvipata upya huchukua muda. La pili ni lugha. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kireno, na aliyezoea Kimwani, Kimakonde au Kiswahili nyumbani yafaa ajizoeze mapema, hata kwa kusoma daftari la mwanawe.

La tatu ni majira. Mwaka wa shule huanza mwanzoni mwa mwaka, wakati mvua zinanyesha na palizi imepamba moto. Anayengoja hadi siku ya kujiandikisha ndipo atafute msaidizi wa shamba, amechelewa. Mapatano hayo hufanywa wakati wa kusi, kazi zikiwa chache.

La nne ni bahari yenyewe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua, na maji hupwa mbali kuelekea saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za kuokota kwa wingi, kukausha na kuweka akiba. Siku za maji mafu pwani hutoa kidogo. Basi hizo ziwe siku za kusoma sana. Mama wa mwambao amekwisha kujua kugawa mwezi wake. Lililobaki ni kulipa daftari fungu lake.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kusema. Mama wengi huongeza mzigo wa shule juu ya mizigo yote ya zamani, bila kumwambia mtu, wakashindwa kabla ya mtihani wa kwanza. Heri aketi na mume, wifi na watoto wakubwa, ataje kazi zake moja baada ya nyingine, kisha waamue nani ataichukua ipi. Kijana wa kiume aweza kuteka maji. Baba aweza kuinjika chungu. Kama kuna mtoto mchanga au mgonjwa mahututi, kungoja mwaka mmoja si aibu, maadamu mwaka wenyewe umetajwa mbele ya wote.

Wahenga walisema kweli: mshika mbili moja humponyoka. Ndiyo maana moja apewe mwingine aishike, kabla haijaanguka.