Mpe Pedi Mwenzio!

Pedi ya gemu jamani, msianze kucheka. Gemu ngumu zinaweza kuvunja nyumba, lakini zikichezwa kwa zamu zinaweza pia kukuonyesha mwenzio anavyofikiri. Soma kabla hujaificha uvunguni.

Kuna maneno mawili yanayochokonoa ndoa nyingi za vijana siku hizi, na wala sio matusi. Ni "huyu tu". "Subiri kidogo mke wangu, nimalize huyu tu." Huyo anayemalizwa ni bosi wa kwenye gemu, na ukweli ni kwamba hamaliziki. Saa mbili usiku inakuwa saa nne, ugali unapoa, na wewe umekaa unaangalia kisogo cha mtu uliyemsubiri wiki nzima.

Mimi nafundisha sekondari hapa Sepuka, wilaya ya Ikungi mkoani Singida. Mwenzangu anafanya kazi Singida mjini. Anafika Ijumaa jioni na vumbi mpaka kwenye kope, Jumapili mchana anaondoka. Yaani tuna jioni mbili tu kwa wiki. Ukitoa kuoga, kula na habari za ukoo, zinabaki saa za kuhesabu kwa vidole. PlayStation ilipoingia ndani, swali halikuwa kama gemu ni nzuri au mbaya. Swali lilikuwa: hizo saa ni za nani?

Nilikuwa na njia mbili, kununa au kuomba pedi. Nikaomba pedi.

GEMU NGUMU NI ZIPI HASA?

Sizungumzii gemu za mpira, ambazo dakika zikiisha zimeisha. Nazungumzia zile za kupigana na kusafiri, ambapo unamjenga mhusika wako taratibu toka mnyonge mpaka shujaa. Waliozipa jina ni kampuni ya Kijapani ya FromSoftware. Mwaka 2009 walitoa Demon's Souls iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki, mwaka 2011 ikafuata Dark Souls, na mwaka 2022 wakatoa Elden Ring. Kufikia katikati ya 2024 Elden Ring ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 25. Hiyo ndiyo iliyoko sebuleni kwetu, na uzuri wake kwa watu wa huku ni kwamba unaweza kuicheza hata mtandao ukiwa umelala.

Ndani yake hakuna mahali pa kuchagua "nipe rahisi". Ukiua adui unapata runi, na runi ni kila kitu: ndizo fedha za kununulia vitu, na ndizo unazotumia kupanda levo. Ukifa, zote zinadondoka pale ulipofia. Una nafasi moja ya kurudi kuziokota. Ukifa tena kabla hujazifikia, kwaheri ya kuonana. Sasa mtu aliyepoteza runi elfu ishirini namna hiyo akija mezani amevimba, sisemi ana haki ya kuvimba. Nasema angalau utajua kilichompata.

BOSI ANASOMWA KWANZA

Bosi mkubwa wa kwanza anayewatoa watu jasho anaitwa Margit. Analinda njia ya kuingilia ngome ya Stormveil. Ni mzee mrefu mwenye mkia na fimbo, na ujanja wake uko kwenye subira. Anainua fimbo juu, halafu anangoja. Wewe kwa woga unabiringika mapema, na ukimaliza tu kubiringika, ndipo fimbo inakushukia.

Mwenzangu alikuwa anamwendea kwa hasira. Mimi, kwa kuwa sikuwa na kitu mkononi, niliona kile ambacho yeye hakuwa na nafasi ya kukiona: ile fimbo ina mwendo wake, kama ngoma. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, "Moja, mbili, sasa!" Akabiringika kwa wakati. Akageuka kuniangalia kama vile nimeota mapembe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, ameketi anachambua mchicha. Akauliza taratibu, "Wanangu, huyu mzee amewakosea nini?" Tulicheka mpaka tukafa tena.

Ila kuhesabu kule kulinifundisha jambo. Nilipokaa karibu na kuangalia, sikumsoma Margit peke yake. Nilimsoma na mume wangu. Niliona kwamba akikosea hataki maelezo papo hapo, anataka nusu dakika ya kimya, kisha anasikia vizuri tu. Na yeye aliponiangalia nikicheza, akagundua kwamba mimi nikishindwa nacheka kwa nje huku ndani nimeshakata tamaa. Miaka minne ya ndoa, mambo hayo tulikuwa hatujaambiana.

MJENGO: UTATIA WAPI POINTI ZAKO?

Wachezaji wanaita bildi. Mimi naita mjengo. Kila ukipanda levo unapata pointi moja, na unaamua uitie wapi kati ya sehemu nane: uhai, akili ya kurusha uchawi, nguvu za mikono, imani na kadhalika. Silaha nzito haikukubali mpaka nguvu zako zifike kiwango chake. Uchawi mkubwa nao una kiwango chake. Ukitawanya pointi kila mahali, unakuwa mtu wa vyote na wa kutofaa kwa chochote.

Sisi tuliamua kuwa na mhusika mmoja wa pamoja. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Yeye anataka upanga mkubwa kama mlango, mimi nataka fimbo ya uchawi nimpige adui kwa mbali. Levo kumi za kwanza tulizigawa nusu kwa nusu kwa ajili ya amani. Matokeo yake, upanga haushikiki na uchawi unawasha kama njiti ya kiberiti.

Usiku ule, umeme umekatika, nikamwuliza, "Na mshahara wetu je, sio hivi hivi?" Akanyamaza. Maana ndivyo ulivyokuwa. Kidogo kwenye kiwanja mjini, kidogo kwenye shamba la alizeti huku, kidogo kwenye pikipiki ambayo haijawahi kununuliwa. Vyote vimeanza, hakuna kilichofika. Na nyuma ya vyote kulikuwa na swali ambalo wote wawili tulikuwa tunalikwepa: tutaishi mbali mbali hivi mpaka lini?

Tulizungumza gizani mpaka jogoo wa jirani akawika. Tulikubaliana kiwanja kwanza, alizeti isubiri, pikipiki isahaulike, na mimi niandike barua ya kuomba uhamisho. Kwenye gemu nako tukakubaliana: uhai kwanza, kwa sababu maiti haipigani, halafu nguvu za mikono. Uchawi nikaufungulia mhusika wangu mwenyewe, wa kucheza siku za katikati ya wiki nikiwa peke yangu.

Na kama unaogopa kuchagua vibaya, tulia. Mbele ya safari kuna bosi anayeitwa Rennala. Ukishamshinda, anakuruhusu kupanga pointi zako upya, mradi uwe na kitu kinachoitwa Larval Tear. Vitu hivyo vina idadi, kwa hiyo huwezi kubadili mawazo kila Jumamosi. Lakini mjengo sio kifungo cha maisha. Kiwanja nacho kinauzika.

UKIKWAMA, ZUNGUKA

Dakika chache baada ya kutoka nje mara ya kwanza, unakutana na askari wa dhahabu juu ya farasi, anaitwa Tree Sentinel. Wageni wengi wanamvamia na kufa kama kuku wa sikukuu. Somo ni kwamba hulazimiki kupigana naye. Pita pembeni, endelea na safari.

Hata Margit ni vivyo hivyo. Ukimshindwa, geuza njia, nenda kusini kwenye Weeping Peninsula. Huko kuna makaburi ya kuchimbua, makanisa yaliyobomoka na maadui wa saizi yako. Unaokota mbegu za dhahabu zinazokuongezea idadi ya chupa za dawa, na machozi matakatifu yanayoongeza ukali wa dawa yenyewe. Unapanda levo bila presha. Ukirudi kwa mzee wa fimbo, ni yule yule, ila wewe sio yule.

Kwenye mapenzi watu wengi wanajua mambo mawili tu: kugombana mpaka kieleweke, au kutoka na kubamiza mlango. Kuzunguka ni kitu cha tatu. Mnaliacha jambo kwa leo, mnakwenda kutafuta nguvu, mnalirudia. Neno muhimu hapo ni mnalirudia. Bosi hahami. Ukizunguka miezi sita bila kurudi, hiyo siyo safari tena, ni kukimbia.

Sisi tulirudi baada ya wikiendi tatu. Margit alianguka kwenye zamu yangu, mwenzangu akihesabu. Moja, mbili, sasa.

USIONE AIBU KUOMBA MSAADA

Mwaka 2022 alijitokeza mchezaji aliyejiita Let Me Solo Her. Mhusika wake alikuwa karibu uchi, kavaa chungu kichwani na kushika panga mbili. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu asiowajua kumwangusha Malenia, bosi ambaye kila akikugusa na upanga wake anajiponya. Alipomshinda mara ya elfu moja, wachapishaji wa gemu, Bandai Namco, walimtumia upanga wa kweli kama zawadi. Sasa kama mashujaa wa dunia nzima wanaita mtu mwenye chungu kichwani aje kuwasaidia, wewe unaona haya gani kumwambia mkeo "nimeshindwa, jaribu wewe"?

NA ILE INAYOZUNGUMZA KISWAHILI

Kama Elden Ring inakutisha, anzeni na Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Aliitunga kutokana na majonzi ya kumpoteza baba yake. Zau ni mganga kijana anayeweka mapatano na Kalunga, mungu wa kifo: nitakuletea mizimu mitatu mikubwa, unirudishie baba. Ana kinyago cha jua cha kupigana karibu na kinyago cha mwezi cha kupigana kwa mbali. Unaweza kupunguza ukali wa maadui, na unaweza kuisikiliza kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho.

Mdogo wangu alipokuja na kompyuta yake, tuliicheza usiku wa Jumamosi. Zau anapoketi chini ya mbuyu kumzungumzia baba yake, mwenzangu aliyemzika baba yake mwaka juzi aliweka pedi chini, akaanza kusimulia. Hakuwahi kusimulia. Yule bosi alisubiri.

DONDOO ZA NYUMBANI KWETU

1. Elden Ring haichezwi na wawili kwenye tivii moja, kwa hiyo ni zamu. Ukifa mara tatu, pedi inahama.

2. Saa ya kuzima inapangwa kabla ya kuwasha.

3. Anayeangalia anasema alichoona, sio alichokosea mwenzake.

4. Runi zilizopotea haziingii chumbani.

5. Umeme ukikatika, msishike simu. Hizo ni saa zenu.

6. Watoto wakalale kwanza. Huko Ulaya Elden Ring imewekewa kikomo cha miaka 16, na sio bure.

Tusidanganyane, gemu haitibu ndoa. Kama tatizo lenu ni uongo, madeni ya siri au mkono unaopiga, hapo tafuteni wazee, mshauri au sheria. Lakini kama kinachowagombanisha ni saa tu, hizo mnaweza kuzigawana. Barua yangu ya uhamisho bado haijajibiwa, na Ijumaa basi la jioni litamleta tena na vumbi lake. Kuna bosi mpya anatusubiri, na zamu ya kwanza ni yangu.