"Sano" au "saludable"? Uzima na afya kwa Kihispania

Kihispania si kigeni kabisa Unguja. Madaktari wa Cuba wamefanya kazi katika hospitali zetu kwa miaka mingi, na wageni wanaozungumza lugha hiyo utawakuta Forodhani kila jioni. Watembeza watalii wa Mji Mkongwe wanaojifunza Kihispania hukwama mapema kwenye jambo dogo: sisi tuna afya, siha na uzima, na mgeni wa Madrid au Buenos Aires naye ana maneno yake, wala hayalingani moja kwa moja na yetu. Ukikosea bei, mtacheka. Ukikosea kwenye chakula, mtu anaweza kulazwa.

Tuanze na "sano", maana ndilo lililo karibu na "mzima" wetu. Anayesema "estoy sano" anakwambia haumwi, ni mzima wa afya. Na kama "mzima", neno hili hutoka kwenye mwili likaingia kwenye vitu. Embe lisilooza wala kubonyea ni "sano". Sinia la vikombe likianguka, Mhispania anaweza kusema hakikubaki hata kimoja "sano". "Sano y salvo" ni salama salimini, na mwenye akili timamu husemwa yuko "en su sano juicio". Lakini udugu huo una mpaka. "Siku nzima" si "día sano", ni "todo el día".

Kihispania nacho kina mambo yanayofanana na ngeli zetu: kivumishi hufuata nomino. Nomino ikiwa ya kike, "sano" hugeuka "sana". Kwa hiyo "comida sana" si chakula kingi mno, ni chakula chenye kujenga afya. Darasa zima hucheka hapo, na pengine ndiyo sababu hakuna anayelisahau.

"Saludable" limetokana na "salud", yaani afya. Hili huelezea hasa kinacholeta afya: mazoezi, mboga, usingizi wa kutosha. Kwa chakula maneno yote mawili yanakubalika, ila "saludable" lina sauti ya daktari au ya tangazo. Kwa mtu aliyepona homa, mimi ningechagua "sano" bila kusita. Na "salud" peke yake ndilo aambiwalo mtu akipiga chafya. "Saludar", la ukoo huohuo, ni kusalimia, jambo ambalo Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa: sisi hatuanzi mazungumzo bila kuulizana uzima.

Tahadhari na "bueno". Chakula "está bueno" kina ladha. Ukimsemea mwanamke "está buena" ukidhani unasema amepona, Wahispania wengi wataelewa unasifia umbo lake. Papasi mmoja mmoja huenda akalitaka hilo, lakini mtembezaji mwenye kitambulisho chake shingoni atumie "está bien".

Sasa penye hatari yenyewe. Uko na wageni kwenye mashamba ya viungo Kizimbani, na mmoja anapewa kashata ya njugu. Anauliza, "¿Es seguro?" Mtembezaji anajibu, "Sí, muy sano." Hakusema uongo, njugu zina faida mwilini. Lakini mgeni hakuuliza faida, aliuliza usalama, na kama mwili wake hauzipatani na njugu, jibu hilo linaweza kumziba pumzi. Neno "sano" halimwambii mtu kilichomo ndani. Mwambie kilichomo: "Tiene cacahuete." Hilo ni neno la Hispania. Wamexico husema "cacahuate", na Wacuba na Waargentina husema "maní". Yajue yote matatu, kwa sababu mgeni aliyezoea moja huenda asishtuke akisikia jingine.

Maji nayo yana neno lake. Yanayofaa kunywewa ni "agua potable". Pale kwenye juisi ya miwa, yenye ndimu na tangawizi, mgeni akiuliza kuhusu "hielo" anauliza barafu, na anachotaka kujua ni maji yaliyoigandisha. Usimjibu "saludable" kwa kuwa miwa ni mitamu. Kama huna hakika, sema "No lo sé, voy a preguntar", kisha kamuulize mwenye mashine.